Mwanafunzi anayepeleka jua chumbani asichekwe

Miaka michache iliyopita nilialikwa kutazama maonyesho ya sayansi katika shule moja ya upili huko Makueni. Kwenye pembe ya ukumbi alisimama kijana mmoja kando ya kasha la mbao lililozibwa kila upande. Nje ya dirisha alikuwa ametega lenzi, na kutoka kwenye lenzi hiyo lilishuka fungu la nyuzi nyembamba za plastiki lililoingia kashani kupitia tundu dogo. Ndani mlikuwa na miche mitatu ya ndengu, mirefu, myembamba na iliyopauka. Mmoja wa waamuzi aliinama, akachungulia, kisha akacheka. "Kijana, jua lote hili la Ukambani, nawe walima gizani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kijana akainamisha kichwa, na waamuzi wakapita. Hakuulizwa swali la pili.

Makala haya yanahusu swali hilo la pili ambalo halikuulizwa. Mimi si mtaalamu wa mimea wala wa fizikia. Kazi yangu ni lugha. Hata hivyo, mtu ambaye amefundisha kwa miaka mingi hahitaji shahada ya sayansi ili atambue darasa linavyofungwa mdomo kwa kicheko.

Kwa haki, kicheko kile kilikuwa na chembe ya hoja. Kitui na Makueni ziko karibu mno na ikweta, na jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka. Mchana wetu ni wa takriban saa kumi na mbili, msimu baada ya msimu. Nuru si haba. Kilicho haba ni maji. Mkulima wa Mutomo au wa Kathonzweni hutegemea hasa mvua za vuli, zinazonyesha kati ya Oktoba na Desemba, na zikikosa kunyesha hapo hana budi kukaza mkanda.

Lakini hebu tutafakari. Watu wa kaunti hizi walifanya nini walipoona maji yao yakinyonywa na jua? Walijenga mabwawa ya mchanga. Hujengwa ukuta wa mawe na saruji katika mto wa msimu. Mafuriko yanapokuja huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake. Mto ukikauka, wanakijiji huchimba na kuyapata. Siri yake ni kwamba jua haliwezi kuyafikia kwa urahisi maji yaliyozikwa mchangani. Hapana aliyemcheka mzee wa Mbooni kwa kuficha maji ardhini. Sote tulielewa kwamba alikuwa akitenganisha vitu viwili ambavyo vikikutana ovyo humletea hasara: maji na jua kali.

Kijana wa maonyesho alikuwa akijaribu jambo lilo hilo kwa njia nyingine. Alitaka mche na maji yake vibaki kivulini, kisha auletee nuru pekee. Mmea hutengeneza chakula chake kwa nuru, maji na hewa ya kaboni, kazi ambayo wataalamu wetu wa istilahi waliiita usanisinuru. Hauhitaji kuchomwa wala kupigwa na upepo wa Septemba. Basi je, yawezekana kuuletea nuru bila dhiki inayoandamana nayo? Hilo ni swali la kisayansi, na wala si la kipuuzi.

Tena halikuanzia Makueni. Mnamo 1841, Daniel Colladon wa Geneva alionyesha kwamba nuru inaweza kufuata mkondo wa maji unaopinda. John Tyndall alifanya onyesho la namna hiyo jijini London mwaka 1854. Nuru ikiwa ndani ya maji au kioo, na ikagonga ukingo kwa mshazari wa kutosha, haitoki nje. Huakisiwa yote na kurudi ndani, ikaendelea hivyo hadi mwisho wa njia. Mwaka 1966 Charles Kao alieleza jinsi nyuzi za kioo safi zingeweza kubeba mawasiliano kwa masafa marefu, na mwaka 2009 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwaka huo huo wa 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Leo nyuzi za aina hiyo, ambazo wengi wetu huziita faiba, huunganisha pwani na Nairobi kupitia ukanda wa barabara kuu, wanakoishi watoto wa Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Nuru inapita chini ya miguu yao, ilhali wengi wao hawajawahi kuonyeshwa inavyopinda.

Ama kuhusu kulipeleka jua ndani ya nyumba, Mjapani Kei Mori wa Chuo Kikuu cha Keio alitengeneza mtambo wa kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliuita Himawari, yaani alizeti, kwa kuwa lenzi zake hulifuata jua linavyotembea, kisha huipeleka nuru vyumbani kwa nyuzi za kioo. Mtambo wake ulitumiwa pia kuangazia mimea. Mwamuzi wetu, basi, alimcheka Mori pamoja na yule kijana.

Hata hivyo, sipendi kumpamba kijana kwa sifa asizostahili. Miche yake ilikuwa imepauka, na ni muhimu tujue sababu. Jua la adhuhuri hutoa mwangaza wa takriban laksi 100,000. Chukua lenzi ya sentimita 30 kwa 30. Eneo lake ni sentimita mraba 900. Tuseme nusu ya nuru inapotea njiani, katika lenzi, katika kiingilio cha nyuzi na ndani ya nyuzi zenyewe. Nuru inayobaki inatosha kuangazia sentimita mraba 450 kwa ukali wa jua la nje, au sentimita mraba 4,500 kwa sehemu moja ya kumi ya ukali huo. Hilo ni eneo kama la dawati la mwanafunzi mmoja. Tena ni wakati wa jua la utosi tu, na kwa sharti kwamba lenzi inageuzwa, kwani jua husogea digrii 15 kila saa. Kijana alikuwa ameitega lenzi yake asubuhi akaiacha papo hapo. Kufikia saa nne, nyuzi zake zilikuwa hazipokei chochote cha maana, na miche ikarefuka kuitafuta nuru isiyokuwapo.

Aidha, nyuzi zenyewe zina masharti. Zile za mawasiliano hazifai kwa kazi hii, kwani njia ya nuru ndani ya uzi mmoja ni nyembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Mwanafunzi asidanganyike kuokota vipande vinavyoachwa na mafundi barabarani. Vigae vyake huingia mwilini na havionekani kwa urahisi, na kukata waya uliozikwa ni hatia. Nyuzi nene za plastiki hubeba nuru zaidi, lakini huyeyuka joto la lenzi likizidi. Lenzi yenyewe yaweza kuwasha moto au kuharibu macho. Jaribio la namna hii halifanywi bila mwalimu kusimama karibu.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tuhangaike hivi, na taa za LED zimejaa madukani? Wanaolima ndani ya nyumba ulimwenguni leo hutumia taa hizo, na wana sababu nzuri. Ni rahisi, na hazingoji mawingu yapite. Mimi mwenyewe singemshauri mkulima wa Zombe auze mbuzi wake anunue nyuzi za kioo. Ndengu na mahindi ya Kitui yatazidi kulimwa shambani chini ya jua la Mungu. Ninachotetea ni haki ya mwanafunzi kulijaribu wazo, kulipima, na hata kulikataa kwa ushahidi alioukusanya mwenyewe.

Tusisahau kwamba maisha ya Ukambani yamebadilishwa na majaribio ambayo mwanzoni hayakuonekana kuwa na maana. Mahindi ya Katumani yalitokana na watafiti waliotaka mmea unaowahi kukomaa kabla mvua haijakatika. Mbegu za mukau, mti wetu wa mbao nzuri, zilikuwa sugu kuota kitaluni. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa misitu walioko Kitui, wakishirikiana na Wajapani, walizihangaikia hadi wakapata namna ya kuzipasua na kuzichanja zikaota. Ni mbegu ngapi zilioza kabla ya hiyo iliyoota? Zilizooza hazikuchekwa. Ziliandikwa daftarini.

Hapa ndipo lawama inapotufikia sisi walimu. Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 unamtaka mwanafunzi atende badala ya kukariri. Ni lengo jema. Lakini mara ngapi tumeona mradi wa mtoto ukifanywa na mzazi usiku, au ukinunuliwa dukani ukiwa umekamilika? Tunatoa alama kwa kitu kinachong'aa, na tunapuuza kitu kilichoshindwa ambacho mwenyewe angeweza kutueleza kimeshindwa kwa nini. Kwa kufanya hivyo tunamfunza mtoto kuficha mche uliopauka na kuazima mche wa jirani siku ya maonyesho.

Na jaribio hilihili linaweza kufanywa kwa gharama ndogo mno. Toboa chupa ya plastiki ubavuni, ijaze maji, mulika kurunzi kutoka upande wa pili gizani, na darasa zima litaiona nuru ikipinda pamoja na mchirizi. Kisha panda ndengu katika makasha matatu yenye udongo wa aina moja. Moja liwe wazi juani, la pili lizibwe kabisa, la tatu lipitishiwe nuru kwa chupa ya maji iliyotiwa katika tundu la paa lake, kama alivyofanya fundi wa Brazil Alfredo Moser mwaka 2002 kuangazia nyumba. Pima kila siku maji yanayohitajika katika kila kasha na urefu wa kila mche. Baada ya majuma matatu wanafunzi watakuwa na jambo la kubishania, tena kwa tarakimu.

Watabishania kwa lugha gani? Hili ni shamba langu, niruhusiwe kulipalilia. Mtoto wa Kitui huijua nuru kwanza kwa jina la kyeni. Akifika shuleni hukutana na maelezo ya Kiingereza kuhusu nuru inayoakisiwa yote, akayakariri, akayaandika katika mtihani na kupata alama, bila kuiona nuru hiyo hata mara moja. Kiswahili kina istilahi za sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mtihani na ubaki katika lugha yake, lakini daftari la jaribio liandikwe kwanza kwa lugha ambayo mwanafunzi hufikiria kwayo. Yule kijana wa Makueni hakukosa maarifa tu. Alipochekwa, alikosa pia maneno ya kujitetea.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwamuzi wa maonyesho, mwalimu mwenzangu, ukikuta tena kasha lenye miche iliyopauka, zuia kicheko chako. Muulize mwenye kasha: umegeuza lenzi yako mara ngapi leo? Kisha mpe nafasi ajibu.