Kabla ya Kununua Mbwa Mkubwa

Wamtamani mbwa wa Kijerumani, yule atumiwaye na polisi? Usimnunue mwaka huu, wala mwaka ujao. Dume hufika kilo 40, naye huweza kuishi miaka 10 na zaidi. Basi anza sasa kuweka akiba ya chakula na ya daktari wa mifugo. Na manyoya je? Humtoka mwaka mzima, mpaka kwenye uji! Kumnyoa si dawa, kwani humkinga na jua. Nyumbani yupo mwenye pumu? Mwulizeni daktari mapema. Kumtoa mbwa aliyekwisha zoea watoto ni kilio. Na kijana amwombaye leo, akienda shule ya bweni, nani atashika brashi? Mama, bila shaka. Je, ameulizwa?