Mgonjwa wa Nyumbani Naye Ana Kauli

Katika hospitali nyingi za serikali Tanzania, ukutani karibu na mapokezi hubandikwa mkataba wa huduma kwa mteja. Unamweleza mgonjwa anachostahili, unamweleza anachopaswa kufanya, na chini kuna namba ya kupiga akiona hakutendewa haki. Mgonjwa huyohuyo akiruhusiwa kwenda kuuguzwa nyumbani, mambo yote hayo anayaacha getini. Nyumbani atakuta kitanda, watu wanaompenda, pengine na muuguzi wa kuja mara moja kwa wiki, lakini hatakuta mtu aliyekaa chini akaamua nani ana haki gani na nani ana wajibu gani.

Kwa kuwa hakuna aliyeamua, mambo yamejipanga yenyewe, na yamejipanga vibaya. Haki zimeshikwa na familia, wajibu amebebeshwa mgonjwa. Watoto ndio wanaochagua nani aje, dawa gani inywewe, wageni gani waingie. Mzee kazi yake ni kuvumilia, kushukuru na kutosumbua. Naamini ingefaa iwe kinyume chake: haki ziwe za mgonjwa mwenyewe, na sehemu kubwa ya wajibu iwe ya nyumba inayompokea mhudumu.

Chukua nyumba ambayo baba amepata kiharusi. Upande wa kulia umelegea, maneno yanatoka kwa taabu, ila akili ni timamu na anasikia kila linalosemwa chumbani. Muuguzi anakuja kumbadilishia mpira wa mkojo. Anauliza, "Mzee amekula? Usiku alilala?" Anayeulizwa ni mtoto aliyesimama mlangoni, na ndiye anayejibu. Shuka linafunuliwa mlango ukiwa wazi, mjukuu anapita na ndoo ya maji. Dakika ishirini baadaye kazi imekwisha, imefanyika kwa ustadi, na hakuna aliyesema neno na mwenye mwili. Angeweza kuulizwa maswali ya kujibiwa kwa kichwa: ndiyo, hapana. Mlango ungeweza kufungwa. Khanga ingeweza kumfunika kifua wakati akishughulikiwa chini. Vyote hivyo havina gharama.

Linalofanana na hilo ni la kuogeshwa. Wapo kina mama wengi ambao wangevumilia njaa kuliko kuogeshwa na mtoto wao wa kiume, na wapo wazee wasiotaka kuguswa na mkwe. Mtu wa namna hiyo akikataa maji, nyumba husema amekuwa mkaidi, uzee umemzidi. Mara nyingi hakatai maji hata kidogo. Anamkataa anayemwogesha, na hiyo ni haki yake, hata kama itailazimu familia kumtafuta shangazi wa mtaa wa pili.

Kuhusu maumivu nina neno zito zaidi. Uganda imetangulia katika jambo hili: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilijengwa juu ya kuwafuata wagonjwa wa saratani majumbani na kuwapa mofini ya maji ya kunywa. Tangu mwaka 2004 wauguzi wenye mafunzo maalumu nchini humo wanaruhusiwa kuiandika. Dawa hiyo imewawezesha watu wengi kulala usiku. Lakini chupa inaweza kufika nyumbani ikafungiwa kabatini, kwa kuwa kaka mkubwa anaogopa mgonjwa atakuwa teja. Mtu anaumwa mpaka anauma shuka, na uamuzi si wake. Hofu hiyo inaeleweka, na kuiondoa kwa maelezo ni kazi ya mhudumu. Ila wakati ikiondolewa, mwenye kuamua anywe au asinywe ni anayeumwa.

Sheria haziko kimya kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali pia. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wazee Addis Ababa mwezi Januari 2016, na humo wazee wamewekewa wajibu pia, ukiwamo wa kuwarithisha vijana maarifa na kusuluhisha migogoro. Napenda ilivyoandikwa hivyo. Mtu asiyedaiwa chochote amekwisha kuhesabiwa kuwa hayupo.

Kwa hiyo wajibu wa mgonjwa upo. Aseme ukweli kuhusu dawa anazotumia, pamoja na ile ya mizizi iliyo chini ya mto, kwa sababu ikichanganyika na dawa ya presha inaweza kumdhuru. Asimtukane anayemhudumia. Asimshike binti wa watu. Hili la mwisho husemwa kwa kunong'ona, na wahudumu wa kike wanalijua vizuri. Mwenye maradhi ya kusahau hawezi kulaumiwa kwa tendo asilolitambua. Mwenye akili zake timamu alaumiwe. Mhudumu awe na ruhusa ya kutoka chumbani siku hiyo, na wanaomtuma wamlete mwingine au waje wawili, ili mgonjwa asibaki na kidonda kisichosafishwa.

Yaliyobaki ni ya nyumba. Mbwa afungwe. Sindano zilizotumika ziwekwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, zisitupwe jalalani wanakochezea watoto. Na dada wa kazi aangaliwe. Aliajiriwa kupika na kufua. Baba alipoanguka akaongezewa mgonjwa, mshahara ukabaki palepale. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda vya kulala, usiku na mchana, na kazi hiyo haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Akichoka akamgeuza kwa kumvuta, ngozi ya mzee ndiyo inayochubuka.

Najua wapo watakaosema haya ni ya wenye uwezo. Nyumba ya chumba kimoja itafunga mlango gani? Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu wajibu usigeuzwe kuwa sharti: asiyeweza kununua glavu asinyimwe huduma, aletewe glavu. Kumsemesha mgonjwa, hata hivyo, kunawezekana katika chumba kimoja.

Suala hili halingojei. Mwezi Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Kenya, Septemba 2023, ilizindua jeshi la wahudumu kama hao takribani 100,000, kila mmoja akihudumia kaya 100 hivi, akiwa na simu ya kuandikia taarifa. Wahudumu hawa ni majirani. Huo ndio uzuri wao na ndio hatari yao, kwani anayejua nani ana virusi hukutana na watu walewale kisimani na kwenye vikoba. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza kinga. Mafunzo yao yaanze na hilo kabla ya kipimo cha presha.

Halafu pawe na pa kulalamikia. Mtoto aliyeonewa Tanzania anayo namba 116, anapiga bure. Mtu mzima aliyelala kitandani hana yake, na hata angekuwa nayo, mara nyingi simu iko mkononi mwa yule anayetaka kumlalamikia. Mwenyekiti wa mtaa ni rafiki wa familia. Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, mbali na kitanda. Anayeingia chumbani ni mhudumu wa jamii, basi apewe kazi hiyo kwa maandishi: katika kila ziara awaombe wenye nyumba watoke kidogo, akae na mgonjwa peke yake, amuulize kama anatendewa vizuri, na jibu alipeleke kwa afisa ustawi moja kwa moja, bila kupitia sebuleni.