Kaye ya delege si karatasi ya kufungia mikate

Kuna watu watatucheka. Mishahara inachelewa, bei ya unga inapanda, na watu wa sendika wanaandika mu gazeti maneno ya kaye na wino! Wacheke. Sisi wenye tunakaa upande wa wafanyakazi ku meza ya mazungumuzo tunajua jambo moja: kampuni iko na wanasheria, iko na ordinateri, iko na sekretere wawili wenye wanapiga maandishi wakati direkta anaongea. Upande wetu iko mutu mumoja na kaye yake. Ile kaye njo arshive yetu yote. Kama haisomeki, ni sawa vile hatukukuwa pale.

Basi leo tuongee karatasi, na zaidi karatasi ya wale wenye wanaandika na stilo ya plime, juu katika sendika zetu wako wengi kuliko watu wanavyofikiri.

Watu wanaona stilo ya plime mu mufuko wa delege, wanasema: tazama huyu, anajifanya mukubwa. Haiko vile. Biki inaomba nguvu. Kile kidonge kidogo cha chuma kwenye ncha hakizunguki kama mukono haukandamizi. Plime haiombi kukandamiza. Ncha ikigusa tu karatasi, wino unashuka wenyewe. Sasa muchukue mutu mwenye alishika mashine ya kutoboa mawe miaka kumi na tano. Ile mashine inatikisa mikono kutwa nzima. Mwisho vidole vinakuwa vyeupe asubuhi za baridi, vinakufa ganzi, haviwezi tena kubana kitu kidogo kwa muda murefu. Ni ugonjwa wa kazi, waganga wanaujua. Mupatie huyu muzee biki aandike PV ya mukutano wa saa tatu: saa ya kwanza haijaisha, maandishi yake yamekuwa miguu ya kuku. Mupatie plime, atafika mwisho. Wengi kati yetu tulikuja ku plime kwa njia hiyo, si kwa kujionyesha.

Lakini plime haina huruma na karatasi mbaya. Wino wa biki ni wa mafuta, ni muzito, unakaa hata juu ya karatasi ya ovyo. Wino wa plime ni maji yenye rangi ndani. Na karatasi ni nini? Ni nyuzi za miti zilizobanana, na zile nyuzi zinapenda maji. Mu kiwanda wanatia wanga ama gundi ingine ili maji yasiingie haraka. Karatasi yenye haikupata ile gundi njo buvari, ile yenye tulikuwa tunatumia ku masomo kwa kukausha wino. Kaye nyingi za bei ya chini zinakaribia buvari. Hapo munaona magonjwa matatu. La kwanza, mustari unaota mizizi pembeni, "3" inafanana na "8". La pili, wino unapenya mpaka upande wa nyuma, na ule ukurasa hauandikiki tena. Mumenunua kaye ya kurasa 96, mumepata 48. La tatu ni dogo: maandishi ya upande mumoja yanaonekana sawa kivuli ku upande mwingine. Hilo tunaweza kuishi nalo. Lile la kwanza hapana, juu kazi yetu ni namba: tarehe, saa za nyongeza, matrikile, kilo, dolari. PV yenye haionyeshi vizuri kama ilikuwa tarehe 3 ama tarehe 8, kampuni italeta yake.

Watu wa papeteri wakiulizwa karatasi nzuri ni gani, wanajibu na gramaje. Gramaje ni uzito wa metre carré moja ya karatasi. Karatasi ya fotokopi ya kawaida ni gramu 80. Metre carré moja inatoa A4 16, kwa hiyo A4 moja ni gramu 5, na ramu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Kaye za Clairefontaine, kiwanda chenye kinatengeneza karatasi kule Vosges, Ufaransa, tangu 1858, ni gramu 90, na zinapokea plime vizuri sana. Ziko pia kaye zenye hazisemi kitu ku jalada. Hizo munaweza kuzipima. Kaye ya masomo ya sentimetre 17 kwa 22, yenye kurasa 96, iko na karatasi 48. Kama ni gramu 90, zile karatasi peke yake, bila jalada, ni karibu gramu 160. Kama ni gramu 60, ni karibu 108. Mama mwenye anauzisha sukari sokoni iko na balansi. Muombe kwa heshima, atawapimia. Mutoe kidogo tu kwa jalada.

Ila musifunge macho na gramaje. Buvari ni nzito kuliko karatasi ya kaye, na inakunywa wino yote! Na karatasi ya fotokopi, pamoja na gramu zake 80, ilitengenezwa kwa mashine. Ramu moja inapokea plime vizuri, ingine inaota mizizi. Ile gundi ya ndani njo inaamua, na haionekani na macho. Lazima kujaribu.

Namna ya kujaribu, tunafanya hivi. Tunaenda ku papeteri na stilo yetu wenyewe, tena ikiwa na wino wetu wenyewe. Tunamuomba mwenye duka kaye moja, tunafungua ukurasa wa mwisho, pale chini ku kona. Akikataa tunanunua ile moja tu, ya kujaribia, hatununui kumi gizani. Tunaandika 3, 8, 5, 6, 0 polepole. Tunaweka ncha fasi moja, tunahesabu mpaka tatu, tunatoa. Tunapiga mistari miwili ya kukatana. Kisha tunageuza ukurasa. Kama lile tone halikutoka nyuma na zile namba ziko safi, ni nzuri. Tunainua pia karatasi ku jua: yenye iko na mawingu mengi ndani, fasi nyeusi na fasi nyeupe, mara nyingi itakunywa wino fasi moja na kuukataa fasi ingine. Ku nyumba tunaongeza jaribio la mwisho: tunaacha maandishi siku moja, tunadondosha maji juu yake, tunapangusa. Hapo tunajaribu wino zaidi kuliko karatasi, lakini vyote viwili vinalala mu kaye moja.

Kuna kaye moja yenye tunaikataa hata bila kujaribu: ajenda ya kampuni. Kila mwisho wa mwaka makampuni yanagawa ajenda, jalada sawa ngozi, jina la kampuni na dhahabu. Delege wengi wanafurahi, wanaandikia mule mwaka muzima. Sisi tulikuta dosie ya mutu mwenye aliumia mukono ku posti ya usiku. Delege wa mbele aliandika kila kitu, saa, fasi, jina la shefu wa posti, yote mu ajenda ya kampuni ileile, na wino wa bluu wa wanafunzi. Msimu wa mvua bati la bulo lilivuja. Wakati tulifika mbele ya enspekta wa kazi, ukurasa wa ile siku ulikuwa wingu moja la bluu. Avoka wa kampuni aliuinua ku dirisha, akauliza kwa upole: "Hapa imeandikwa nini?" Hatukukuwa na la kujibu. Yule ndugu alikuja kulipwa sehemu tu ya yenye aliomba. Ajenda ilikuwa nzuri kwa macho, na karatasi yake ilikuwa sawa ile ya kufungia mikate.

Tuseme sasa wino, hata kama kichwa cha maneno ni karatasi. Ule wa bluu wenye watoto wanatumia ku masomo ulitengenezwa ufutike: iko kalamu maalum yenye inaufuta, na maji yanauondoa pia. Ni muzuri kwa diktee, si kwa PV. Kuna wino wenye uko na chuma ndani. Unatoka bluu, kisha hewa inaugeuza mweusi, na maji hayawezi kuuondoa wote. Uingereza, vitabu vya ndoa na vya kuzaliwa viliandikwa na wino wa aina hiyo kwa miaka mingi. Bluu-nyeusi ya Pelikan 4001 ni ya ile jamaa. Unaomba tu stilo isafishwe na maji kila mara, na isiachwe ikauke na wino ndani. Na angalisho kubwa, hata kwa wenye hawana plime: kuna stilo zenye wino unafutika kwa moto wa kusugua, sawa FriXion ya Pilot. Ule wino unapotea ukifika karibu digri 60. Mwenye kuitengeneza mwenyewe anasema isitumiwe kwa makaratasi ya sheria. Jaribuni kuacha kaye yenye imeandikwa hivyo mbele ya kioo cha gari, ku jua la mwezi wa kumi. Mutu akiwapatia stilo yake ili mutie sinyatire, muitazame kwanza. Afazali mutumie yenu.

Mistari. Kaye za Kifaransa ziko na zile karo kubwa zenye mustari munene kila milimetre 8 na mistari myembamba kila milimetre 2 katikati. Alizibuni mwenye duka la vitabu wa Pontoise, bwana Seyès, mwaka 1892, na mpaka leo watoto wetu wanajifunza kuandika mule. Kwa plime ya ncha nene, ile milimetre 8 ni raha. Karo ndogo za milimetre 5 ni nzuri kwa hesabu, lakini na ncha nene herufi zinajaa, "e" inakuwa tone.

Kisha namna kaye imefungwa, na hapa hatukubali majadiliano. Kaye ya spirali, ukurasa unatoka bila kuacha alama yenye mutu ataona. Ile ya gundi tupu inatoa majani ikipata jua mwaka muzima. Registre ya sendika iwe ya kushonwa na uzi: mutu akichana jani moja, lile la upande wa pili linalegea, na wizi unaonekana. Tunatia namba ku kila ukurasa siku ya kwanza, mbele ya kuandika neno lolote, na watu wawili wanatia parafe. Kampuni zinafanya vile kwa vitabu vyao vya hesabu. Juu ya nini sisi tusifanye?

Tuko wakweli pia: plime haiendi kila fasi. Karatasi laini nzuri iko na kasoro yake, wino unakawia kukauka. Registre yenye inapita mikononi mwa watu arobaini kwa kutia sinyatire, jasho na haraka, muweke biki nyeusi, vinginevyo jina la wa kwanza litabaki ku kiganja cha wa pili. Mwenye kuandika na mukono wa kushoto anajua hii shida kuliko sisi. Chini mu mugodi, fasi maji yanadondoka, hata biki inakataa karatasi ya maji. Pale kreyo inashinda, na jioni munaandika upya kwa wino, na tarehe. Na telefone? Mupige foto ya kila ukurasa, ndiyo, hatukatai. Lakini telefone inaibiwa, na foto ya ukurasa wenye hausomeki haisomeki nayo.

Mutu atasema karatasi ya namna hii ni bei. Ni bei, kweli. Lakini muhesabu muda. Vumbi la mawe linakaa mu mapafu, na silikosi inaweza kuonekana nyuma ya miaka kumi, hata ishirini, wakati mutu ametoka kazini kitambo, na kampuni pengine imebadilisha jina. Siku hiyo ataulizwa: ulifanya kazi wapi, mwaka gani, na vumbi gani, nani aliandika? Karatasi ya mbao iliyosagwa tu, sawa ya gazeti hili lenye munashika, inageuka manjano na kuvunjika mbele ya hapo. Kwa registre ya magonjwa na ajali tunatafuta karatasi isiyo na asidi. Ziko zenye ziko na alama ya namba nane iliyolala ndani ya duara: ni norme ISO 9706, karatasi ya kudumu. Ku duka za kwetu haionekani kila siku, lakini ndugu zetu wanasafiri, na kaye mbili hazijazi valizi.

Tuliitazama bajeti ya sendika yetu. Tulikuta mistari ya kofia, ya tisheti za tarehe 1 ya mwezi wa tano, ya vinywaji vya wageni, ya bendera. Mustari wa karatasi haukukuwamo. Kila delege anajinunulia, ama anangojea ajenda ya kampuni. Ku mukutano wenye unakuja tutaomba kwa kila siege kaye mbili za kushonwa na chupa moja ya wino wenye haufutiki, kila mwaka, na kabati moja yenye kufuli, mbali na bati lenye linavuja. Mwenye anaona ni pesa mingi, aje na fakture ya kofia tuziweke zote mbili ku meza.