Zawadi Inayouzwa Si Zawadi



Mchezo ni kitu chema. Sisi tuliosomea ualimu tunajua kwamba mtoto asiyecheza kamwe anatia wasiwasi kuliko yule anayecheza mno. Kwa hiyo hatuwalaumu ninyi mnaocheza katika simu. Tunalaumu jambo moja tu: desturi ya makampuni makubwa ya kuufunga mchezo wa video pamoja na bidhaa ya dukani, hata mchezaji asitambue tena mahali mchezo unapokoma na biashara inapoanza.

Tuchukue mfano wa mwaka 2011. Ulipotoka mchezo wa vita uitwao Call of Duty: Modern Warfare 3, kampuni ya PepsiCo ya Marekani ilitia namba za siri katika soda yake Mountain Dew na katika mifuko ya chipsi zake za mahindi, Doritos. Aliyenunua na kuiingiza namba hiyo alipewa muda wa kupata alama maradufu, apate kupanda ngazi za mchezo upesi kuliko wenzake. Wengi waliita jambo hilo zawadi.

Sisi tunalikataa neno hilo. Ni nani aliyezifanya ngazi hizo kuwa ndefu? Ni watengenezaji wa mchezo wenyewe. Ni nani anayeuza njia ya mkato? Ni washirika wao wa biashara. Mtu akichimba shimo mbele ya mlango wako, kisha rafiki yake akakuuzia ubao wa kuvukia, je, utawashukuru? Anayenunua soda ya namna hiyo hakuongozwa na kiu. Ananunua nafuu ya uchovu aliotengenezewa.

Tena kuna dhuluma ndani yake. Uzuri wa mchezo ni kwamba ustadi na mazoezi ndivyo vinavyompa mtu ushindi. Fikirini mwalimu anayempa alama maradufu kila mwanafunzi anayenunua maandazi kwa mke wake. Wazazi wangemfukuza siku hiyo hiyo. Kwa nini basi tendo linaloitwa rushwa shuleni liitwe zawadi mchezoni?

Mwaka 2016 mambo yalisonga mbele. Katika mchezo wa Pokémon GO, mchezaji hutembea njiani akitafuta viumbe kwa simu yake. Ulipoanza huko Japani, mikahawa ya McDonald's ipatayo 3,000 ilifanywa vituo vya mchezo huo. Mchezaji alidhani anafuata viumbe, kumbe miguu yake ilikuwa ikiongozwa hadi mlangoni pa muuzaji. Na mwaka 2021, mkoba wa Gucci uliotolewa ndani ya Roblox, mkoba usioweza kubeba hata kalamu moja, uliuzwa tena kwa fedha za mchezo zenye thamani ya zaidi ya dola 4,000, kupita bei ya mkoba halisi wa dukani.

Wapo watakaotujibu: "Hakuna anayelazimishwa." Ni kweli, hakuna anayeshikwa mkono. Lakini tangazo lililobandikwa ukutani linasema wazi, "Nunua," nawe unaweza kulikataa. Tangazo lililofichwa mchezoni linasema, "Shinda." Mtoto wa miaka kumi anayetamani kushinda atajuaje kwamba anauziwa kitu? Hiari ya mtu asiyejua anachochagua ni hiari ya jina tu.

Msiseme kwamba hayo ni ya Marekani na Japani. Roblox inafunguka katika simu iliyo mkononi mwenu, kwa mega mlizonunua kwa franka za wazazi. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Basi tunawaomba mambo mawili. Kwanza, kabla ya kununua kitu kwa ajili ya mchezo, kila mmoja ajiulize: "Kama mchezo usingenipa chochote, ningekinunua hiki?" Jibu likiwa hapana, akiache dukani. Pili, ninyi wakubwa, katika mkutano wenu ujao wafundisheni wadogo kulitambua tangazo lililojificha. Halafu tokeni uwanjani mkacheze mpira. Huko, anayetaka bao sharti akimbie. Hakuna chupa itakayomfungia.