Projekta ya Bei Nafuu Darasani

Mwalimu wa Lingeka, wilayani Meatu, anunuapo projekta ya bei nafuu kwa fedha zake, hununua pia wajibu wa kuitunza. Mara nyingi chombo cha namna hii hakikuzibwa barabara: feni yake huvuta hewa ya kupoza taa, pamoja na vumbi la kiangazi. Vumbi likitanda, picha hufifia. Njia ya hewa ikiziba, joto huharibu kioo cha ndani. Yafaa kipanguswe kila juma. Lakini kinga kubwa ni andalio la somo linaloweza kuendelea kwa chaki na ubao chombo kizimikapo. Vyuo vya ualimu vifundishe hayo kwanza, ili kipindi cha mwanafunzi kisipotee bure.