Tofali Lisilokula Kuni

BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA NAWE

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya nyumba. Najua utaniuliza, "Bwana shamba na matofali, wapi na wapi?" Swali lako ni la haki. Nisikilize kwanza.

Kila kiangazi napita katika vijiji ninavyovihudumia hapa Kilosa. Naona moshi wa matanuri ya matofali. Tanuri moja hula magogo mengi. Magogo hayo yalikuwa miti. Miti hiyo ilishika udongo kando ya mto. Mvua ikija, udongo wa shamba lako unakwenda na maji. Kwa hiyo tofali na mahindi ni ndugu. Tofali likila mti, mahindi yanalala njaa.

Sisemi usijenge. Kila mtu anataka nyumba bora. Nyumba ya fito na udongo huliwa na mchwa, na kila baada ya masika huanza upya. Ninachosema ni hiki: liko tofali ambalo halichomwi kabisa.

TOFALI GANI HILO?

Ni tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kisha ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine hiyo haitumii umeme wala mafuta. Mtu anavuta mpini chini kwa nguvu, na udongo unabanwa mpaka unakuwa mgumu. Mashine ya kwanza ya namna hii iliyojulikana sana ilibuniwa katika miaka ya 1950 huko Kolombia, Amerika ya Kusini. Aliyeibuni ni mhandisi Raúl Ramírez. Aliitengeneza kwa ajili ya watu wa vijijini.

Hapa Tanzania, mwaka 1971 Serikali ilianzisha kitengo cha utafiti wa majengo. Mwaka 2001 kikawa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Wataalamu wake wameeneza matofali ya kufungamana. Tofali la kufungamana lina kijino upande mmoja na kishimo upande wa pili. Moja linakaa juu ya jingine na kushikana. Fundi hutumia saruji kidogo tu kati ya tofali na tofali. Hapo unaokoa fedha, maana saruji ikisafirishwa mbali kutoka kiwandani bei yake hupanda.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sasa nikuambie jambo ambalo silipendi kulisema. Nilipojenga nyumba yangu mimi nilifyatua matofali 600 ya namna hii. Nilichimba udongo mweusi wa bondeni, karibu na kiwanja. Niliupenda udongo ule kwa sababu unazaa mahindi vizuri. Nina cheti cha kilimo, nikadhani kujua udongo wa mahindi ni kujua udongo wote.

Mama mmoja jirani, mfinyanzi wa vyungu, alipita akasimama. Akaushika udongo, akaufinya. Akasema, "Bwana shamba, udongo huu unalisha, haujengi." Nilicheka. Nikampa maji ya kunywa, nikaendelea na kazi.

Matofali yalipokauka yalipasuka. Yasiyopasuka niliyajenga upesi, kwa kuwa masika yalikuwa karibu. Mvua ya tatu ilibomoa ukuta wa upande wa magharibi. Mifuko 8 ya saruji ilikwenda na maji. Nilikwenda kwa yule mama nikamwomba radhi. Ndiye aliyenionyesha udongo mwekundu wa kilimani, ambao nimejengea nyumba ninayokaa leo.

PIMA UDONGO KABLA YA KUFYATUA

Usirudie kosa langu. Fanya hivi:

1. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na majani yaliyooza. Huo ni wa shamba. Tumia udongo wa chini yake.

2. Chukua chupa ya kioo. Tia udongo mpaka nusu, jaza maji, weka chumvi kidogo. Tikisa sana, kisha iache itulie mpaka kesho. Mchanga utakaa chini. Udongo wa mfinyanzi utakaa juu yake. Ukiona mchanga ni zaidi ya nusu, na mfinyanzi upo lakini si mwingi, udongo huo una matumaini.

3. Tengeneza kisanduku cha mbao. Urefu wake wa ndani uwe sentimeta 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta ndani. Kijaze udongo wenye maji, ushindilie, usawazishe. Kiweke juani siku 3. Udongo ukikauka utasinyaa. Usukume wote upande mmoja, kisha pima nafasi iliyobaki wazi.

Nafasi hiyo ndiyo inayokuambia kiasi cha saruji:

Chini ya sentimeta 1 na robo: ndoo 18 za udongo kwa ndoo 1 ya saruji.
Sentimeta 1 na robo hadi 2 na nusu: ndoo 16 kwa 1.
Sentimeta 2 na nusu hadi 3 na robo tatu: ndoo 14 kwa 1.
Sentimeta 3 na robo tatu hadi 5: ndoo 12 kwa 1.
Zaidi ya sentimeta 5: udongo huo una mfinyanzi mwingi. Ongeza mchanga, upime tena.

Udongo wangu mweusi ningeupima, ungeniambia ukweli kwa siku 3. Mimi niliambiwa na mvua.

KUFYATUA NA KUTUNZA

Changanya udongo na saruji vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja. Ndipo unyunyize maji kidogo kidogo. Finya donge mkononi, liangushe chini kutoka usawa wa kifua. Likivunjika vipande vichache, maji yanatosha. Likisambaa kama unga, maji ni machache. Likibaki donge zima, maji ni mengi.

Changanya kiasi kidogo unachoweza kukimaliza upesi. Saruji iliyokwisha kulowa haingoji mtu amalize kula.

Panga matofali kivulini. Yafunike kwa karatasi ya nailoni au majani. Yanyunyizie maji kila siku kwa siku 7 au zaidi. Watu wengi hapa ndipo wanapokosea. Wanadhani tofali linataka jua. Hapana. Tofali lenye saruji linapata nguvu kwa unyevu. Ngoja siku 28 ndipo ujenge.

Msingi uwe wa mawe. Paa litokeze nje ya ukuta, ili maji ya mvua yasipige matofali.

KAZI NA SOKO

Tofali hili lina faida nyingine, nayo ni kazi. Mwaka 2021 Serikali ilitangaza kujenga madarasa 15,000 nchini. Majengo mengi ya namna hii hujengwa kwa utaratibu ambao watu huuita fosi akaunti. Fedha huletwa karibu na wananchi. Kamati hununua vifaa na kupatana na fundi.

Katika kijiji kimoja nilichokihudumia, jengo la namna hiyo lilijengwa. Kamati ilitafuta fundi mwenye cheti, ikamkosa kijijini. Fundi akatoka mjini. Matofali yakatoka mjini kwa lori. Vijana wetu walipata kazi ya kubeba maji. Fedha ilipita kijijini kama mgeni asiyekula.

Katika kijiji hicho alikuwapo kijana aliyejifunza uashi kwa mjomba wake tangu utoto. Kuta zake zimenyooka. Lakini hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Ndugu msomaji, kama wewe ni fundi wa namna hiyo, jua kwamba VETA, chombo cha mafunzo ya ufundi kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Hukaguliwa kazi unayoijua, ukaongezewa unachokosa, ukapewa cheti. Nenda katika chuo cha VETA kilicho karibu, uulize utaratibu na gharama.

Na mashine? Mtu mmoja huenda asiweze kuinunua. Kikundi kinaweza. Vijana 6 au 8 wanatosha: wengine wachimbe na kuchekecha, wengine wachanganye, mmoja avute mpini, mwingine apange. Wakati wa kiangazi shamba halina kazi nyingi. Badala ya kwenda kutafuta vibarua mjini, watafyatua matofali kwa jirani zao.

Lakini msinunue kwa kusikia sifa. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua karatasi, upige mstari katikati. Upande mmoja andika gharama za kuchoma: kuni, vibarua, matofali yanayoharibika tanurini, saruji ya kujengea. Upande wa pili andika gharama za kushindilia: mashine, saruji, maji, vibarua. Uliza bei katika duka la kwenu. Jumlisha. Mahali pengine maji ni ya shida, au udongo wote ni wa mbuga, na hesabu itakataa. Hesabu ikikataa, usiibishie. Ikikubali, acha miti isimame.

Yule mama mfinyanzi bado ni jirani yangu. Kila akipita hugonga ukuta wangu kwa kidole. Hasemi neno. Mimi nami sicheki tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Udongo wa shamba na udongo wa tofali vinatofautiana vipi?
2. Kwa nini matofali haya yanyunyiziwe maji siku 7?
3. Jengo la mwisho lililojengwa katika kijiji chenu, fedha za mafundi na matofali zilikwenda wapi?
4. Nani kijijini kwenu ni fundi mzuri asiye na cheti? Nani atampelekea habari hizi?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kupanda miti kando ya mto. Kwaheri mpaka hapo.