Njia Tatu za Kwenda Juba

Mwanafunzi atazamapo ramani ukutani, Juba huonekana jirani tu. Ujirani wa ramani, hata hivyo, si ujirani wa safari. Aabiriye ndege Nairobi hutua Juba kabla ya saa mbili kutimu. Naye aghalabu ni ofisa, mfanyabiashara au mtumishi wa shirika la misaada. Aliyekimbia vita vilivyozuka Sudan mwaka 2023 hufika Renk, akapakiwa mashuani na watoto na mizigo, wakapanda Mto Naili hadi Malakal. Huyo hana tiketi ya kurudi.

Lakini inayoilisha Juba ni barabara. Ile ya kutoka Nimule, kilomita 192, ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012, na kwayo hupita malori yatokayo bandarini Mombasa kupitia Uganda. Agosti 2021 madereva wa Kenya na Uganda waliyaegesha malori mpakani Elegu, baada ya wenzao kuuawa njiani. Walidai ulinzi. Nani angewalaumu?

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Ni jumuiya gani hiyo, ambamo abiria wa ndege husafiri kwa raha ilhali utingo huhofia kila kichaka? Walimu wa jiografia wasiishie kutaja miji mikuu. Wawaulize wanafunzi unga wa Juba hupita wapi, mikononi mwa nani. Na viongozi wetu wakutanapo Arusha, kabla ya kuzungumzia sarafu moja, watueleze ni nani anayezilinda kilomita hizo 192.